Roland Garros: Uwanja Ambako Shabiki Naye ni Mwamuzi

Ubishi wa mashabiki wa tenisi kuhusu mashindano ya Ufaransa hauna mwisho, kwa sababu pale Paris udongo huweka ushahidi. Kwenye nyasi za Wimbledon mpira ukishagusa chini umekwenda zake. Roland Garros mpira huacha alama. Mchezaji anaiona, mwamuzi mkuu anashuka kitini kuikagua, na aliyekaa safu za mbele naye anaiona, au anaamini ameiona. Mtu wa namna hiyo hanyamazishwi kirahisi.

Udongo wenyewe ni vumbi la matofali yaliyosagwa, unene wake milimita 1 au 2 tu, lililotandazwa juu ya tabaka la mawe meupe ya chokaa yaliyopondwa. Lazima umwagiliwe maji, la sivyo upepo unaupeperusha. Hupunguza kasi ya mpira na kuurusha juu, hivyo pointi moja inaweza kuchukua mapigo 20 au zaidi, huku roho za watu zikiwa juu.

Mashindano yalianza mwaka 1891 yakiwa ya wanachama wa klabu za Ufaransa peke yao. Wageni walifunguliwa mlango mwaka 1925. Lakini uwanja tunaoujua leo ulizaliwa na Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa. Mwaka 1927 Wafaransa wanne, Jacques Brugnon, Jean Borotra, Henri Cochet na René Lacoste, waliwanyang'anya Wamarekani kombe hilo huko Philadelphia. Mwaka uliofuata lilipaswa kutetewa nyumbani, na Paris haikuwa na uwanja wa kutosha umati uliotarajiwa. Klabu ya Stade Français ilitoa ardhi kwa sharti kwamba uwanja upewe jina la mwanachama wake, Roland Garros, rubani aliyezaliwa Saint-Denis katika kisiwa cha Réunion, kwenye Bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1913 alikuwa wa kwanza kuvuka Mediterania kwa ndege bila kutua, na aliuawa vitani Oktoba 1918. Yaani jukwaa kuu la tenisi ya udongo lina jina la mwana wa kisiwa aliyepata sifa zake angani.

Ubishi haukuchelewa. Katika fainali ya Kombe la Davis ya mwaka 1932, Mmarekani Wilmer Allison alikuwa pointi moja tu amshinde Borotra. Sevu ya pili ya Mfaransa ilionekana kutua nje. Allison hakuigusa, akaanza kuelekea wavuni kupeana mkono. Mwamuzi wa mstari hakusema neno. Pointi ikawa ya Borotra, mechi ikageuka, kombe likabaki Paris. Wamarekani walilalamika pia kwamba uwanja ulikuwa umelowekwa maji kupita kiasi ili kuipunguza nguvu michomo yao. Miaka zaidi ya 90 imepita na wapenda historia ya mchezo huu bado wanalirudia jambo hilo kwa uchungu.

Lakini umati wa Paris unajua pia kupenda. Mwaka 1983 Yannick Noah, aliyekulia Yaoundé kwa baba Mkameruni na kuonwa huko na mchezaji tenisi Mmarekani Arthur Ashe akiwa bado mtoto, alimshinda Mats Wilander katika fainali, na baba yake Zacharie, mwanasoka wa zamani, akaruka ndani ya uwanja kumkumbatia. Hakuna mwanamume Mfaransa aliyeshinda tena taji la mchezaji mmoja mmoja tangu hapo. Ndiyo maana kila kijana wa nyumbani anayeshinda mechi mbili tatu hubebeshwa matumaini ya nchi nzima.

Kwa ukali, hakuna siku inayozungumzwa kama fainali ya wanawake ya mwaka 1999. Martina Hingis, mwenye miaka 18, alikuwa ameshinda seti ya kwanza dhidi ya Steffi Graf na alikuwa mbele katika ya pili. Mpira wake mmoja ukaitwa nje. Hingis akavuka wavu, akaenda upande wa mpinzani kuonyesha alama kwa kidole. Kanuni haziruhusu, akaadhibiwa pointi. Kuanzia hapo uwanja mzima ulimgeuka. Alizomewa hadi mwisho, Graf akashinda 4-6, 7-5, 6-2, na binti yule akaondoka akilia. Alirudi kwenye sherehe ameshikwa na mama yake. Alikosa, ndiyo. Lakini kumzomea mtoto wa miaka 18 kwa saa nzima kwa kosa la kuamini macho yake ni ukatili, na hadi leo siwezi kuutetea.

Rafael Nadal aliuonja pia. Tarehe 31 Mei 2009, akiwa hajawahi kupoteza mechi pale, alishindwa na Robin Söderling huku watazamaji wengi wakimshangilia Msweden. Toni Nadal, ami yake na kocha wake, aliwashutumu waziwazi. Ilichukua miaka na mataji 14 kabla mapenzi hayajakamilika. Mei 2025 watu wa Paris walijaa uwanjani wakiwa na fulana za rangi ya udongo kumuaga, na alama ya unyayo wake ikawekwa kando ya wavu.

Sasa mjadala umerudi palepale kwenye alama. Mashindano makubwa mengine matatu yameacha waamuzi wa mstari na kukabidhi kazi kwa mitambo. Ufaransa bado imekataa. Wanaoitaka mitambo wanasema jicho la binadamu huchoka. Wanaoikataa wanataja mashindano ya udongo ya Madrid, Aprili 2025: mchezaji Alexander Zverev aliona alama nje, mtambo ukasema ndani, naye akatoa simu akapiga picha ya udongo, akapewa onyo. Mimi niko na Wafaransa. Mtambo ukisema ndani na udongo ukisema nje, watu elfu 15 walioiona alama hawataambiwa kwamba hawakuiona.