Watu Wangapi Walikuwa Mu Boti? Historia ya Ziwa Kivu Yenye Haina Orodha

Tuanze na swali moja rahisi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilipozama mbele ya Kituku, kule Goma, watu wangapi walikufa?

Wengi wetu tuliona ile video. Boti imetoka Minova, imebakiza mita mia kadhaa tu kufika, inainama upande mmoja, inalala, inapotea. Watu wenye walikuwa sokoni Kituku waliiona kwa macho yao. Simu zilikuwa zinarekodi. Na bado swali langu halina jibu moja. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja watu 278 ndani ya boti na 78 waliokufa. Upande wa Kivu ya Kaskazini zikatoka hesabu ndogo kuliko hizo. Siku zikapita, familia zikaendelea kutafuta watu wao, kisha habari ikapoa.

Mimi nilisoma historia, na hilo pengo linanisumbua kuliko video yenyewe. Ajali ya mchana, mbele ya soko zima, na hatuwezi kukubaliana ni watu wangapi walipanda. Ndiyo maana leo nataka kutetea wazo moja tu: kabla ya upepo, kabla ya mawimbi, ziwa letu linaua kwa sababu hatuandiki nani ameingia mu boti. Boti yenye haijui ina watu wangapi haiwezi kujua kama imejaa.

1. BARABARA IKIFA, ZIWA LINAKUWA BARABARA

Kuna wale wanasema abiria wa Merdi walikosa akili: mbona walipanda boti yenye imejaa? Tuangalie ramani kwanza. Kutoka Bukavu mpaka Goma kuna barabara ya taifa namba 2. Inapita Kavumu, Kalehe, Minova, Sake, karibu kilometa 200. Mwanzoni mwa 2024 mapigano ya kuzunguka Sake yaliikata. Mtu wa Minova mwenye maharage yake, mwenye mgonjwa wake, mwenye mtoto anasoma Goma, alibakia na njia moja: maji. Watu wenye walikuwa wanajaza malori na mabasi wakahamia kwenye boti zilezile, na boti hazikuongezeka kwa kipimo cha watu.

Sisi wa Kadutu tunajiona watu wa mlima. Wengi wetu hatujui kuogelea, na wengine wamezeeka bila kupanda boti hata mara moja. Lakini tunakula kutoka ziwani kila siku. Nanasi la Idjwi, ndizi, makala, mbao, sambaza: nyingi zinashukia ku beach, kisha wamama wabebaji wanazipandisha mlimani kwa mgongo mpaka sokoni kwetu. Kila kitu kikishuka pale, kuna mtu alikisindikiza usiku juu ya maji. Kwa hiyo hii historia ni yetu pia.

2. WAFU WA KAHAWA

Kabla ya Merdi kulikuwa na wafu wengi wenye hawakupata hata video. Baada ya vita vya 1996 na 1998, biashara ya kahawa ya Kivu ilianguka. Mkulima wa Idjwi au wa Kalehe alikuwa na kahawa nzuri, lakini hakuna mnunuzi wa maana, hakuna barabara. Ngambo ya pili, Rwanda, soko lilikuwepo. Basi wanaume walibeba magunia ndani ya mitumbwi, wakavuka usiku ili wasionekane, wakabadilisha kahawa na sabuni, chumvi, nguo, unga.

Fikiria ule mtumbwi: mdogo, magunia yameupandisha uzito, giza, hakuna jile, yaani lile koti la kuelea, na upepo ukianza katikati ya ziwa hakuna pa kukimbilia. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na sehemu nyingi ukiacha ukingo kidogo tu tayari chini ni mbali sana. Wanaume wengi hawakurudi. Wakaacha wajane wengi, mpaka vyama vya wakulima kama SOPACDI ya Minova vilipoanza kutafutia kahawa soko la nje kwa njia halali, wajane hao wakawa sehemu ya wanachama wake. Kahawa ikipata bei nyumbani, mtu hana haja ya kuvuka usiku.

Walikufa wangapi? Hakuna mwenye anajua. Mtu wa magendo haandikwi popote: wala anapoondoka, wala anapofika, wala anapozama.

Miaka ya chuo nilitaka kazi yangu ya mwisho iwe juu ya ajali za ziwa. Nilipita kwenye ofisi moja ya bandarini, nikaomba kuona madaftari ya zamani. Walinipokea vizuri, wakanifungulia daftari la ushuru. Kila kitu kilikuwemo: magunia ya makala, mikungu ya ndizi, kreti za bia, mbuzi, hata bei. Kila mzigo ulikuwa na mstari wake. Watu hawakuwemo. Nikabadilisha somo la kazi, lakini lile daftari halijanitoka kichwani. Kwetu mkungu wa ndizi unaacha alama kwenye historia, mwenye aliubeba haachi.

3. AMRI YA 2019

Katikati ya Aprili 2019 boti iliyotoka upande wa Goma kwenda Kalehe ilizama. Rais Tshisekedi, mwenye alikuwa na miezi michache tu madarakani, alitangaza watu kama 150 hawaonekani. Angalieni hiyo namba: 150, namba ya mviringo. Watu hawafi kwa mviringo. Wanakufa 147, wanakufa 153. Namba ya mviringo maana yake ni kukadiria.

Baada ya msiba ule ikatoka amri: kuvaa jile kuwe lazima kwa kila msafiri wa majini. Amri nzuri kabisa. Lakini miaka mitano baadaye, Kituku, watu walizama bila jile. Sababu ni hesabu. Ili ujue boti inahitaji jile ngapi, lazima ujue ina watu wangapi. Boti yenye imeruhusiwa watu 80 inanunua jile 80, inamwonyesha mkaguzi, anaridhika. Kisha wanapanda 150. Wale 70 wa juu hawapo kwenye karatasi, kwa hiyo hata jile zao hazipo. Amri ya jile bila orodha ni kama kupika chakula cha harusi bila kujua wageni.

4. WENZETU WALIJIFUNZA NINI?

Hili jambo si la Kongo peke yake. Tanzania, 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, Ziwa Victoria. Ilikuwa imeruhusiwa watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Wa daraja la tatu, wale wenye tiketi ya bei ya chini, hawakuwa na orodha. Hesabu rasmi ya waliokufa ikafika 894. Yaani maskini walikufa bila kuwa wameingia.

Zanzibar, 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa karibu 200, na dunia ikadhani hiyo ndiyo hesabu. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi, ikaonekana watu wengine zaidi ya 1,300 walikuwa hawajulikani walipo. Msiba ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko ulivyotangazwa mwanzoni, na waliojua ukubwa wake ni majirani tu, nyumba kwa nyumba.

Na 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, MV Nyerere ilipinduka. Ilikuwa ni ya abiria 101. Waliokufa 228. Wafu peke yao walikuwa mara mbili ya wale wenye kivuko kiliruhusiwa kubeba.

Sasa linganisha na Titanic, 1912. Mpaka leo unaweza kusoma majina ya abiria wake, hata wa daraja la tatu. Na kwa sababu walihesabiwa, watu waliweza kutoa hesabu ya shule ya msingi: ndani ya meli walikuwemo kama 2,200, mashua za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178. Hesabu ile ikawa aibu ya dunia, na mwaka 1914, London, mataifa yakaandika mkataba wa kwanza wa usalama baharini. Kilio peke yake kisingetosha kuleta sheria, kiliposindikizwa na namba ndipo wakubwa walikosa pa kujificha.

5. «LAKINI ORODHA INALETA SHIDA»

Nimeongea na watu juu ya hili, na majibu yao yana maana, tusiyadharau.

Mwenye boti anasema: nikiandika watu 120, kila huduma ya bandarini itakuja kunidai pesa kwa vichwa 120. Ni kweli. Mahali penye ushuru unategemea karatasi, watu wanajifunza kuchukia karatasi. Kwa hiyo orodha ya usalama ingepaswa kutengwa na ile ya ushuru.

Abiria naye anasema: wakati huu wa vita, jina langu kwenye karatasi linaweza kuniletea matatizo. Hiyo hofu ni ya haki pia. Nani hajui namna jina la ukoo linaweza kukufanya adui wa mtu? Lakini orodha ya boti haihitaji kabila, haihitaji kazi yako. Inahitaji vitu vitatu: jina lenye nyumbani wanakuita, avenue au kijiji chako, na namba ya simu ya mtu mmoja mwenye amebakia nchi kavu. Mtoto naye aandikwe, maana watoto wa mgongoni ndio wanasahauliwa kwanza.

Na kuna kanuni moja kubwa: nakala ibakie bandarini. Orodha yenye iko mu mfuko wa kapiteni peke yake itazama pamoja naye.

Boti kubwa za Bukavu–Goma zinajaribu, ukinunua tiketi wanakuuliza jina. Shida iko kwenye boti za mbao na mitumbwi ya injini, zile za bei ya chini, zenye zinabeba wamama na makala. Daraja letu la tatu.

6. WEWE MWENYE UTAPANDA KESHO

Mpaka orodha ije, kuna yale unaweza kufanya mwenyewe.

Kabla ya kupanda, tuma ujumbe nyumbani: jina la boti, saa ya kuondoka, bandari unakokwenda, na mko wangapi kwa kukadiria. Ujumbe huo ni orodha yako ya mtu mmoja.

Omba jile mapema na uivae, ufunge kamba zake ukiwa bado ku beach. Jile yenye imekunjwa chini ya magunia ni mapambo. Kama hakuna kabisa, bidoni tupu ya lita 20, yenye kifuniko kimekazwa vizuri, inaweza kukusaidia kuelea ukiikumbatia kifuani. Haishindi jile, lakini inashinda mikono mitupu.

Tazama mizigo imepangwa wapi. Mzigo mzito ukiwa chini, boti inatulia. Ukiwa juu ya paa, wimbi dogo linaweza kuilaza. Na mkikaribia kufika, kaeni mahali penu. Wote mkisimama na kukimbilia upande mmoja ili kushuka haraka, ninyi ndio mtaipindua.

Upepo ukiwa mkali, ngoja. Tunaogopa sana gesi ya chini ya Ziwa Kivu, na wanasayansi wana haki ya kuichunguza, lakini watu tunaowazika mwaka kwa mwaka wameuawa na boti zenye zimejaa.

Na sasa nije kwetu wenye diploma. Tunalalamika hakuna kazi, na ni kweli. Lakini kuhesabu watu na kuandika majina yao ni kitu chenye kila mmoja wetu anaweza. Naomba mambo mawili. La kwanza: vijana wawili wawili, wenye daftari na kalamu, wazungumze na wakubwa wa bandari na wenye boti, waanze na boti moja ya soko, siku moja ya juma. Tuone kama inawezekana kabla ya kusema haiwezekani. La pili: kila mmoja aende kwa wazee wa avenue yake. Uliza: nani alipotea ziwani, mwaka gani, alikuwa ametoka wapi, alibeba nini? Andika, familia ikikubali. Ziweke hizo kurasa vizuri.

Mjane wa kahawa mwenye bado yuko hai leo anakumbuka ule usiku na lile jina. Tukimngoja miaka kumi zaidi, hata yeye hatakuwepo wa kutuambia.