Tendai Mtawarira: Mzimbabwe katika jezi ya Afrika Kusini

Kaskazini mwa Johannesburg, upande wa kuelekea Pretoria, kuna kitongoji kiitwacho Diepsloot. Jina hilo ni la Kiafrikana na maana yake ni mtaro wenye kina kirefu. Kilianza katikati ya miaka ya 1990, pale watu walioondolewa Zevenfontein walipohamishiwa huko, na kufikia sensa ya mwaka 2011 kilikuwa na wakazi zaidi ya 138,000, wengi wao katika vibanda vya mabati. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Dainfern, mtaa wa matajiri uliozungushiwa ukuta, wenye uwanja wake wa gofu. Kwa Mzimbabwe aliyevuka mto Limpopo akitafuta riziki, Diepsloot palikuwa mahali pa kupanga chumba kwa bei nafuu, karibu na kazi za bustani, za ndani na za ujenzi.

Mnamo tarehe 11 Mei mwaka 2008 ghasia dhidi ya wageni zilizuka katika kitongoji cha Alexandra. Katika muda wa siku chache zilikuwa zimefika Diepsloot, kisha zikaenea katika miji mingine ya nchi. Watu wapatao 62 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakayakimbia makazi yao. Ikumbukwe kwamba Zimbabwe yenyewe wakati huo ilikuwa katikati ya duru mbili za uchaguzi wa rais, ile ya Machi na ile ya Juni, huku mfumuko wa bei ukiwa umekwishaifanya fedha yake kuwa karatasi tupu. Aliyefukuzwa Diepsloot hakuwa na kwao pa kurudi kwa utulivu.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Juni, katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, safari ya chini ya saa moja kwa gari kutoka Diepsloot, kijana wa Kizimbabwe mwenye umri wa miaka 22 aliingia uwanjani dhidi ya Wales akiwa amevaa jezi ya kijani na dhahabu ya timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, Springboks. Jina lake Tendai Mtawarira. Kila alipougusa mpira uwanja mzima ulivuma kwa sauti ndefu ya jina lake la utani, "Beast", yaani Mnyama. Wageni wasioijua desturi hiyo walidhani anazomewa.

Mtawarira alizaliwa Harare tarehe 1 Agosti 1985. Jina Tendai kwa lugha ya Kishona ni wito wa kutoa shukrani. Lile la Mnyama alilipata tangu utotoni kwa sababu ya umbo na nguvu zake. Raga ndiyo iliyompatia nafasi katika shule ya Peterhouse, na kutoka hapo akaonwa na klabu ya Sharks ya Durban, iliyomchukua katika chuo chake cha vijana. Tangu raga ya chama cha wachezaji 15 iruhusu malipo rasmi mwaka 1995, klabu za Afrika Kusini zimekuwa zikitafuta vipaji hata nje ya mipaka, na kijana asiye na fedha aliyetoka Zimbabwe alikuwa na jambo moja tu la kuuza, nalo ni mwili wake.

Huko Durban alikuta mtihani. Alikuwa amezoea kucheza namba nane, nafasi ya mtu mwenye uhuru wa kukimbia na mpira. Kocha Dick Muir akamwambia kwamba mustakabali wake uko mstari wa mbele wa skramu. Kwa msikilizaji asiyeifahamu raga, skramu ni pale wachezaji wanane wa kila upande wanapoinama, wakashikana na kusukumana kama mafahali, ili kuugombea mpira uliotupwa katikati. Walio pembeni mwa mstari wa mbele hubeba uzito wote huo shingoni na mabegani. Ni kazi ya wakongwe, na hujifunzwa kwa maumivu. Kijana alikubali, na mwaka 2007 akaanza kuichezea Sharks katika ligi ya Super 14.

Siku iliyomtangaza duniani ni tarehe 20 Juni 2009. Timu ya Lions, inayounganisha wachezaji wa Uingereza na Ireland na kuzuru Afrika Kusini mara moja tu katika miaka 12, ilikuwa Durban. Mbele ya Mtawarira alisimama Phil Vickery, bingwa wa dunia wa mwaka 2003 na nahodha wa England katika fainali ya mwaka 2007. Skramu baada ya skramu, Mzimbabwe alimwinua, akampinda na kumrudisha nyuma, na mwamuzi akawa anapiga filimbi kuwaadhibu Lions. Mapema katika kipindi cha pili Vickery alitolewa. Afrika Kusini ilishinda 26 kwa 21, Mtawarira akatajwa mchezaji bora wa mechi, na mfululizo wa mechi tatu ukaisha kwa ushindi wa 2 kwa 1.

Hapo ndipo makaratasi yalipomfikia na yeye. Kanuni za shirikisho la kimataifa la raga wakati huo zilimtaka mchezaji awe ameishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo, na sharti hilo Mtawarira alikuwa amelitimiza. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2010 wakubwa wa michezo serikalini na bungeni, akiwemo waziri Makhenkesi Stofile, walishikilia kwamba asiye raia hawezi kuiwakilisha Afrika Kusini. Gary Teichmann, nahodha wa Springboks wa miaka ya 1990, naye alizaliwa Zimbabwe, na vilevile Bobby Skinstad aliyezaliwa Bulawayo. Ni kweli kwamba wawili hao walikulia Afrika Kusini. Hata hivyo ilishangaza kwamba mchezaji mweusi, katika mchezo uliokuwa ukilaumiwa kila mwaka kwa uhaba wa weusi, ndiye aliyeambiwa asubiri dirishani. Alikuwa na klabu, mawakili na magazeti ya kumsemea. Mwaka huohuo akapewa uraia.

Yaliyofuata yanafahamika kwa wapenzi wa raga. Alishiriki Kombe la Dunia mwaka 2011 na 2015, akapambana na tatizo la mapigo ya moyo lililomlaza hospitalini zaidi ya mara moja, na kila mara akarudi. Tarehe 2 Novemba 2019 mjini Yokohama, Japani, katika fainali dhidi ya England, aliivunja tena skramu ya wapinzani kama alivyofanya Durban miaka 10 kabla. Afrika Kusini, chini ya Siya Kolisi, nahodha wa kwanza mweusi katika historia yake, ilishinda 32 kwa 12. Ilikuwa mechi ya 117 ya Mtawarira na ya mwisho kwa taifa. Ni Victor Matfield na Bryan Habana pekee waliokuwa wamecheza zaidi. Mwaka uliofuata alistaafu kabisa, baada ya muda mfupi na klabu ya Old Glory ya Washington.

Mnamo Aprili 2022 kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba huko Diepsloot likiwataka wakazi waonyeshe vitambulisho. Mzimbabwe mmoja, mtunza bustani na baba wa watoto, alijaribu kulikimbia. Walimkamata, wakampiga na kumchoma moto.