Maikrofoni Iliyosogezwa Mdomoni

Mwaka 1917, katika shule ya urubani ya Gosport, kusini mwa Uingereza, mwalimu aliyetaka kumkemea mwanafunzi wake angani alitumia bomba la mpira. Upande wake kulikuwa na faneli ya kusemea. Upande wa pili bomba liliingia kwenye kofia ya ngozi ya mwanafunzi, hadi masikioni. Meja Robert Smith-Barry, aliyekuwa mkuu wa shule, aliona upuuzi kumfundisha mtu kwa ishara za mikono na kumgonga begani. Bomba hilo lilipeleka maneno upande mmoja tu. Mwanafunzi alisikiliza, na kama alikuwa na la kujibu, alilimeza mpaka ndege itue.

Redio yenyewe ilikuwa imeshapanda angani. Kiangazi cha mwaka 1915, huko Brooklands, Charles Edmond Prince, mhandisi wa Marconi, alikuwa akijaribu mazungumzo ya redio kati ya ndege na ardhini. Watu hupenda kuisimulia habari hii kana kwamba tatizo lilikuwa umbali. Umbali ulikuwa kikwazo, lakini adui mkaidi zaidi alikaa palepale kwenye ndege: injini inayonguruma hatua chache kutoka usoni, na upepo unaochapa kiti kisicho na paa. Sikio la binadamu hujitahidi kuchagua la kusikiliza. Maikrofoni haichagui, hupokea kila kinachoitikisa.

Maikrofoni za wakati huo zilikuwa za chembe za makaa, teknolojia ya simu iliyobuniwa katika miaka ya 1870. Ndani ya kikopo kidogo kulijazwa chembe za kaboni, na mbele yake kiwambo chembamba. Sauti ikipiga kiwambo, chembe hubanwa na kulegea, na umeme unaopita kati yake hupanda na kushuka kwa kufuata maneno. Maikrofoni hiyo haizalishi umeme wa maana. Lazima redio iutume kwanza kupitia waya ndipo urudi na sauti. Faida yake ni kwamba ilitoa mawimbi yenye nguvu bila kuhitaji kikuzaji. Ubaya wake uliwachosha marubani: chembe zilishikamana, sauti ikafifia, na dawa ilikuwa kuigongagonga maikrofoni kwa kiganja hadi zilegee.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, mafundi walijaribu kuukwepa mdomo kabisa. Wajerumani na Wamarekani waliwafunga marubani maikrofoni ya koo, visahani viwili vinavyobana shingo na kuchukua mtetemo wa zoloto moja kwa moja. Kelele ya injini ilipungua sana, mikono ikabaki huru. Lakini koo halitengenezi maneno yote. Sauti za s, f na t huumbwa kwa ulimi, meno na midomo, na hazishuki shingoni. Msomaji wa Kiswahili ataielewa hasara hiyo haraka akijaribu kutofautisha "sita" na "tisa" kwa kusikia irabu peke yake. Katika kazi ambayo mwelekeo, kimo na masafa vyote hutajwa kwa tarakimu, hilo si kosa dogo. Waingereza walipita njia nyingine: maikrofoni ikawekwa ndani ya kinyago cha oksijeni, mbele ya midomo, na ngozi ya kinyago ikazuia kelele.

Huko Harvard, S. S. Stevens aliongoza maabara iliyoanzishwa mwaka 1940 kwa ajili ya tatizo hilihili, mazungumzo ndani ya kelele za ndege za kivita. Kijana mmoja pale, J. C. R. Licklider, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa waliofungua njia ya intaneti, aligundua jambo linaloonekana kinyume na akili. Ukikata vilele vya mawimbi ya sauti, kisha ukakuza kilichobaki, usemi unakuwa mbaya masikioni lakini unaeleweka vizuri zaidi katikati ya kelele. Irabu ndizo zenye vilele. Konsonanti ni dhaifu. Vilele vikipunguzwa, konsonanti hupata nafasi. Sauti kavu, yenye mikwaruzo, ambayo abiria wa ndege ndogo husikia redioni haitokani na ubahili wa watengenezaji peke yake.

Suluhisho lililodumu lilikuwa maikrofoni yenye matundu pande zote mbili. Ngurumo inayojaa chumba chote cha rubani huingia mbele na nyuma ya kiwambo kwa nguvu karibu sawa, na kiwambo hubaki palepale, kama mlango unaosukumwa na watu wawili kutoka pande mbili. Sauti ya midomo, kwa kuwa iko karibu sana, hupiga upande mmoja zaidi. Sharti ni ukaribu: milimita 3 hadi 6 kutoka mdomoni, upande wenye alama ukitazama midomo, na ikisogezwa kidogo kwenye pembe ya mdomo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Ikining'inia kidevuni, sauti ya rubani nayo huanza kuingia pande zote mbili na kufutwa pamoja na ya injini. Hapo wengi hukimbilia kuongeza ukuzaji. Baadhi ya hedseti, yaani vifaa vya masikioni vyenye mkono unaobeba maikrofoni, zina tundu dogo ubavuni mwa maikrofoni, la kuingiza bisibisi nyembamba, na ukizungusha skrubu ya ukuzaji iliyomo kupita kiasi unachoongeza ni kelele tu. Sentimita mbili za mkono wa maikrofoni zina nguvu kuliko skrubu.

Kwa miaka mingi marubani wa ndege za abiria waliendelea kushika maikrofoni mkononi. Mwaka 1961 marubani wawili wa California, Courtney Graham na Keith Larkin, walianzisha kampuni ya Plantronics na kuuza hedseti nyepesi. Mwaka 1969 maneno ya Neil Armstrong kutoka mwezini yalipita kwenye kifaa cha kampuni hiyo. Marubani wa ndege ndogo walisubiri hadi mwaka 1975, kampuni ya David Clark ya Massachusetts, iliyoanza na nguo za kufuma, ilipowaletea hedseti nzito ya kijani yenye vikombe vya kuziba masikio.

Kisha ukimya ukaleta shida yake. Étienne Lombard, daktari Mfaransa, alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1911 kwamba mtu aliye kwenye kelele hupaza sauti bila kujua. Bose ilipoanza kuuza mwaka 1989 hedseti za marubani zinazofuta kelele kwa umeme, masikio yalipumzika, na kwa kanuni hiyohiyo rubani asiyesikia kelele huteremsha sauti. Maikrofoni yake bado imo kwenye ngurumo ileile. Intakomu inayofunguka kwa sauti nayo huchelewa kumsikia, ikameza silabi ya kwanza.

Chembe za makaa zimekwisha kwenye hedseti mpya. Mahali pake pamechukuliwa na aina ya elektreti, iliyobuniwa katika maabara za kampuni ya simu ya Bell mwaka 1962 na Gerhard Sessler na James West, ikiwa na kikuzaji kidogo pembeni. Lakini redio za ndege hazikubadilishwa. Bado hutuma kwenye waya wa maikrofoni umeme wa mkondo mnyoofu, kwa kawaida volti 8 hadi 16, kana kwamba kaboni ingalipo, na kikuzaji cha elektreti hujiendesha kwa umeme huohuo huku kikiiga tabia za makaa. Kwa hiyo hedseti ya kijani ya mwaka 1975, ikiwa nyaya zake ni nzima, inaingia katika ndege nyingi ndogo za leo na rubani akasikika. Kwenye helikopta nyingi haitaingia bila adapta, maana huko waya wa masikioni na wa maikrofoni hupita katika plagi moja.