Mtani Ndiye Aliyechimba Kaburi

Magazeti ya michezo yakiandika "watani wa jadi", kila msomaji wa Tanzania anajua kuwa ni Simba na Yanga. Neno limebaki na nusu ya maana yake, yaani tambo na kejeli. Nusu iliyopotea, yaani wajibu wa kusaidiana, ndiyo iliyokuwa nzito. Katika karne ya 19, msafara wa Wanyamwezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo ulikata zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, na mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumuuguza. Ugogoni, mwenye msafara alitoa hongo ndipo apewe njia na maji. Hongo ilinunua ruhusa ya kupita, lakini haikumnunua mtu wa kukaa na mgonjwa. Huyo alipatikana kwa utani, yaani uhusiano wa makabila yaliyoruhusiana kutaniana na kudaiana msaada. Mnyamwezi aliyefika kwa Wazaramo, watani wake, aliweza kuingia kijiji asichokijua, akamtukana mwenyeji, akatukanwa, kisha akala.

Naamini utani ulidumu kwa sababu haukudai mapenzi. Rafiki hutafutwa, na ndugu hugombana wakanuniana miaka. Mtani mtu humkuta tu, na matusi yameshahalalishwa, kwa hiyo hakuna la kununia. Angalia msibani, ambako kazi hii ilionekana wazi kuliko popote. Katika jamii nyingi watani ndio waliochimba kaburi na kushika kazi ambazo mfiwa hana nguvu nazo. Ndio pia walioigiza mwendo na sauti ya marehemu, au kulala kaburini wakikataa kutoka mpaka wapewe chochote, hadi waliokuwa wakilia wakacheka na kukubali kula. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 misafara ilikuwa imekwisha nguvu, ila haja ilibaki: manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro nao walifia mbali na kwao, na wa kuwazika alihitajika.

Kuna watakaosema kuwa huu ni urembo wa kupaka mambo ya vita. Ni kweli masimulizi mengi huueleza utani wa Wangoni na Wahehe, kwa mfano, kama zao la mapigano yao ya karne hiyo ya 19. Lakini hilo halinipingi. Waliopigana walijuana vya kutosha kuweza kuwekeana masharti, na kejeli iliwapa njia ya kuikumbuka damu bila kuimwaga tena. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mtani alichukua kuku wa maskini na hakudaiwa, na kwamba asiye na watani mahali alipo aliachwa nje. La pili nalikubali. Utani haukuwa wa kila mtu. La kwanza nalitazama tofauti. Kuku yule alikuwa kama mchango uliolipwa kabla ya shida kufika, na aliyemchukua alijua, mbele ya kijiji kizima, kwamba siku ya msiba atashika jembe. Leo mchango hutumwa kwa simu na jeneza hufika kabla ya magharibi, na hilo si jambo dogo. Kumfanya mjane acheke mpaka ameze uji, hata hivyo, bado kunamhitaji mtu aliyeruhusiwa kumtania.