Mtoto Aliyemaliza Hesabu Mapema

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miaka yangu ya ualimu hapa Ruanda, wilayani Mbozi, nimeona watoto hodari wakiharibiwa na sifa. Lakini nimeona wengi zaidi wakiharibiwa kwa kukosa kazi, na mmoja wao nusura nimharibu mimi mwenyewe.

Historia ya elimu yetu ni historia ya chujio. Wakati wa mkoloni, mtihani wa darasa la nne ulikuwa mlango mwembamba, na walio wengi waliishia hapo. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa wachache waliopenya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Yaani walikuwapo walimu waliomwona mtoto aendaye kasi, wakamwacha aende.

Machi 1967 Mwalimu huyo huyo alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitukumbusha kwamba katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo elimu ya msingi haina budi kumfaa mtoto hata kama hatasoma zaidi. Alionya pia dhidi ya elimu ya kujenga tabaka la wachache. Sisi vijana wa chuo cha ualimu tuliyapokea maneno hayo kwa moyo mmoja. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kumpa mtoto mwepesi kazi ngumu zaidi ni kumtenga na wenzake. Usawa tukaufanya kuwa ulingano: wote ukurasa mmoja, wote hesabu zile zile.

Katika darasa langu la mwaka 1974 alikuwamo msichana ambaye alimaliza hesabu kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Nilifanya nini? Nilimtuma kisimani, au kumwagilia kitalu cha kahawa cha shule. Nilidhani namheshimu kwa kumwamini. Baada ya miezi michache nikaona amekuwa mzito kama wenzake, nikasikitika kwamba akili yake imechoka. La hasha! Alikuwa amejifunza kuandika polepole ili asitumwe.

Alipomaliza darasa la saba alifaulu, lakini hakuchaguliwa. Siku hizo kufaulu na kuchaguliwa vilikuwa vitu viwili, kwani nafasi zilikuwa chache nazo ziligawanywa kwa mikoa na wilaya. Sisemi kwamba kisima ndicho kilichomnyima nafasi. Nasema tu kwamba sikumsaidia kuifikia.

Lakini Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Walimu wangetoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu, na zaidi ya 30,000 wakaingia kazini kwa njia hiyo. Wengi waliwadharau na kuwaita “walimu wa UPE”. Yule binti alikuwa mmoja wao.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, nilipita shuleni kwake. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60. Mezani palikuwa na kopo kuukuu lenye vikaratasi. Aliyemaliza kazi mapema alikwenda kimya, akachukua kimoja. Nilikifungua kimoja, kikasema: “Tunga hesabu mbili ambazo jibu lake ni 36. Moja iwe ya kuuza kahawa.” Kingine: “Tafuta njia ya pili ya kupata jibu lako, kisha umweleze jirani.” Hapakuwa na kitabu cha ziada wala shilingi iliyotumika, na hakuna mtoto aliyetengwa. Hata wale wa polepole walijitahidi ili walifikie kopo.

“Umejifunza wapi haya, Mwalimu?” nikamwuliza.

“Kisimani, Mwalimu,” akanijibu huku akiinamisha macho kwa heshima.

Sikuwa na la kusema. Nilirudi shuleni kwangu nikatafuta kopo.

Leo zipo sekondari za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala. Zipo pia sekondari za kata, na mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Mlango umepanuka, nami nashukuru. Hata hivyo sekondari hizo humpokea mtoto baada ya miaka yote ya shule ya msingi, na katika miaka hiyo ndipo anapozoea kufikiri au kuzoea kungoja. Nawasihi walimu vijana: mtoto anapoinua mkono na kusema, “Nimemaliza,” msimpigie makofi tu, wala msimtume maji. Mpeni hesabu nyingine, iliyo ngumu kidogo kuliko ile ya kwanza.