Kisu cha Askari

Nilipokuwa mtoto tulikuwa na jirani mzee aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Mzee huyo alikuwa na panga lililokuwa limekwisha kuwa jembamba kwa kunolewa miaka mingi. Alilichomeka katika paa la jiko lake, wala hakumruhusu mtoto yeyote kuligusa, kwa maana alituambia kwamba alirudi nalo kutoka vitani. Siku moja nilijipa moyo nikamwuliza, "Babu, panga hili liliua Wajapani wangapi?" Alinitazama kitambo, kisha akacheka. "Mjukuu wangu," akasema, "panga hili liliua mianzi."

Nilisikitika sana, kwa kuwa nilitaka kusikia habari za ushujaa. Miaka mingi ikapita kabla sijatambua ya kuwa jibu lile fupi lilikuwa na historia ndefu ndani yake, na kwamba mataifa makubwa yalihitaji vita viwili ili yajifunze jambo ambalo mzee yule alilijua tangu alipokuwa kijana shambani kwa baba yake.

Na tuanze na Vita Kuu ya Kwanza. Huko Ufaransa majeshi yalikaa katika mahandaki miaka mingi, na handaki ni mahali pembamba. Bunduki yenye singe mbele yake ilikuwa ndefu mno kugeuzwa humo, hata askari wakawa wanakata singe zao ziwe fupi, au wanajitengenezea marungu. Mwaka 1918 Wamarekani wakatoa kisu walichokiita Mark I. Kilikuwa na makali pande mbili kama jambia, na mpini wa shaba wenye matundu manne ya kupitishia vidole, ili ngumi yenyewe iwe silaha. Mwisho wa mpini palikuwa na chuma kilichochongoka, cha kupasulia fuvu la kichwa. Aliyekibuni aliwaza jambo moja tu, nalo ni kuua. Lakini vidole vikiisha kunaswa katika matundu yale, mkono hauwezi kukigeuza kisu huku na huku kama mtu anavyokigeuza anapochonga kijiti au anapokata kamba. Tena askari hapigani ana kwa ana kila siku. Kila siku hula, hulala, hujenga, huchimba na kufunga mizigo, na katika kazi hizo zote kisu kile hakikumfaa sana.

Vita vya pili vilipoanza, kosa lile lilirudiwa kwa umbo zuri zaidi. Mwaka 1940 Waingereza wawili, William Fairbairn na Eric Sykes, waliokuwa zamani katika polisi ya mji wa Shanghai, walibuni kisu kwa ajili ya makomando. Kilikuwa chembamba, kimenyooka, chenye ncha kali kama sindano. Kwa sura sijaona kisu cha kijeshi kinachokishinda, na hata leo mfano wake umo katika alama za vikosi mbalimbali. Wamarekani walikiiga mwaka 1942 kwa ajili ya kikosi cha Raiders cha jeshi lao la Marine, lililopelekwa kupigana na Wajapani katika visiwa vya bahari ya Pasifiki.

Huko visiwani ubaya wake ukaonekana upesi. Askari walikitumia kufungulia mikebe ya chakula na kubandulia mbao za masanduku, na ncha ile nyembamba ikakatika. Mpini wake, uliotengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ya zinki, ukaharibika kadiri siku zilivyopita. Wako waliosema kwamba kosa ni la askari, kwani walikitumia kisu kwa kazi isiyokuwa yake. Mimi siwalaumu. Mtu aliye mwituni na njaa tumboni, naye ana chuma kimoja tu kiunoni, atakitumia chuma hicho kwa kila kazi inayomkabili.

Kwa bahati njema wakubwa wa Marine walisikia. Tarehe 23 Novemba 1942 walikubali kisu kipya, Mark 2, na katika jina lake wakatia neno la vita na neno la kazi pamoja. Kisu hiki chafaa kutazamwa kwa makini. Bapa lake lilikuwa na urefu wa inchi 7, nene na lenye nguvu, na makali ya upande mmoja ili mgongo uweze kusukumwa kwa kiganja. Chuma chake kilitiwa rangi ya giza kisimetemete usiku. Mpini ulitengenezwa kwa pete nyingi za ngozi zilizopangwa moja juu ya nyingine na kushindiliwa pamoja, hata mkono uliolowa jasho au mvua haukuteleza. Mwisho wa mpini palikuwa na kipande cha chuma bapa ambacho kilitumika kama nyundo kupigilia mambo za hema. Kwa kisu hiki askari alichimba shimo la kujificha, alikata matawi, alifungua mkebe. Na ilipombidi kupigana, alipigana nacho vilevile.

Viwanda kadhaa vilikitengeneza. Kiwanda cha Camillus peke yake kilitoa zaidi ya milioni moja wakati wa vita. Lakini jina lililoshika ni lile lililopigwa chapa na kiwanda cha Union Cutlery cha mji wa Olean, katika jimbo la New York, yaani KA-BAR. Wenyewe husimulia kwamba mtega wanyama mmoja aliwaandikia barua ya shukrani: bunduki yake ilikwama, akamwua dubu kwa kisu chao, lakini mwandiko wake ulikuwa mbaya hata katika maneno ya Kiingereza ya kuua dubu zikasomeka herufi hizo tu. Hadithi hii ni tamu mno, nami huwa na shaka na hadithi iliyo tamu mno. Lililo hakika ni kwamba askari wengi walirudi makwao na visu hivyo, wakavitumia kuvulia samaki na kuwindia, na wako waliowakabidhi wana wao walipokwenda kupigana Vietnam.

Baada ya vita hivyo ndege za jeti zilileta haja nyingine. Rubani aliyeruka kwa mwavuli huweza kujikuta peke yake msituni au nyikani, hana mwenzi wala adui wa karibu, ila njaa, baridi na giza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani wakaanza kuwapa marubani wao kisu kidogo kilichobuniwa kwa ajili ya kuokoa maisha, ambacho hatimaye bapa lake liliwekwa kuwa inchi 5. Mgongo wake una meno ya msumeno. Wengi hudhani meno hayo ni ya kukatia miti, kumbe yaliwekwa ili rubani aweze kukata bati jembamba la ndege iliyoanguka, apate kutoka. Kikingio cha mkono kina matundu mawili ya kupitishia kamba, ili kisu kifungwe kwenye fimbo na kuwa mkuki, na katika ala mna mfuko mdogo wenye kinoo. Ukikiweka kando ya kile cha mwaka 1918, huwezi kuamini kwamba ni vya jeshi moja.

Sasa turudi Burma, nchi iitwayo leo Myanmar. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika. Mvua haikukoma, magari yalizama katika matope, malaria iliangusha watu kwa wingi, na chakula kiliangushwa kwa miavuli kutoka angani. Mwezi wa Desemba walivuka mto Chindwin karibu na Kalewa. Katika safari hiyo panga lilikuwa mkononi mwa askari wa Keya kama khukuri ilivyokuwa mkononi mwa Gurkha wa Nepal, naye pia ni mkulima aliyekwenda vitani na chombo cha nyumbani. Walilitumia kufungua njia katika mianzi, kupasua kuni na kujengea vibanda. Hakuna ofisa aliyehitaji kumfundisha mkulima kutumia panga.

Hata hivyo, vitabu vya visu vya kijeshi huandika kurasa na kurasa juu ya KA-BAR, na juu ya panga mistari michache tu. Nadhani sababu ni kwamba panga halina mbunifu anayejulikana wala tarehe ya kuzaliwa. Nasi hapa Kenya twalikumbuka kwa jambo jingine. Tangu mwaka 1952, vita vya Mau Mau vilipoanza, magazeti ya wakoloni yalilifanya panga kuwa alama ya ukatili, wala hayakutaja ya kwamba kwa panga lilelile wapiganaji walijikatia miti ya vibanda vyao katika baridi ya Nyandarua. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliyewaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hata akakamatwa Januari 1954, alikuwa amepata kuwa askari wa Keya huko Burma. Msitu haukuwa mgeni kwake.

Jirani yetu alikufa nilipokuwa darasa la saba. Mwanawe alilitoa panga paani, akalitia mpini mpya wa mti wa mgunga, na nilipopita kwao likizo iliyofuata nilimkuta analikatia majani ya ng'ombe.