Chesisi ya Gari la Kale na Daawa ya Nasaba

Zamani za kabla ya Vita Vikuu vya Pili, tajiri wa Kiingereza aliyetamani gari la Bentley hakuuziwa gari zima, bali aliuziwa chesisi: boriti mbili ndefu za chuma zilizofungwa kwa vyuma vya kukingama, ndiyo fremu, pamoja na injini, gia, ekseli, springi na usukani wake, pasipo mlango wala paa wala kiti. Chesisi hiyo ilitoka katika karakana ya Cricklewood, London, ikapelekwa kwa waunda bodi kama Vanden Plas au Gurney Nutting, nao ndio walioivika mbao, bati na ngozi kwa kadiri ya matakwa ya mwenyewe na uzito wa mfuko wake. Madhali kiwanda kiliuza chesisi, na dhamana ya miaka 5 kiliyoitoa ilikuwa ni ya chesisi, nambari nayo ilipigwa juu ya chuma hicho, na daftari zikaandikwa kwa nambari hiyo. Taadhima yote wanayoipa fremu wapenzi wa magari ya kale asili yake ni hesabu hiyo ya biashara.

Ajabu ni kwamba watu wa enzi ile hawakuwa na taadhima hiyo hata kidogo, hasa wale wa mashindano. Fremu ikikimbizwa juu ya zege la Brooklands, uwanja uliofunguliwa mwaka 1907 na uliosifika kwa matuta yake, aghalabu hufanya ufa unaoanzia tunduni mwa ribiti na kutambaa polepole kuelekea ukingoni, wala hauonekani mpaka grisi ifutwe na taa isogezwe karibu. Fundi aliyeuona ufa huo hakuuliza habari za nasaba. Aliiteremsha bodi, akaitoa fremu, akatia nyingine, na wiki ya pili gari likarudi mashindanoni kwa jina lile lile.

Gari mashuhuri kuliko yote katika mas'ala haya ni Bentley Speed Six liitwalo Old Number One. Woolf Barnato, ambaye fedha zake ndizo zilizoliinua shirika la Bentley tangu mwaka 1926, alishinda nalo mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 akiwa pamoja na dereva mwenziwe Birkin, akashinda tena mwaka 1930 pamoja na dereva mwingine, Kidston. Katika misimu ile lilivuliwa na kuvikwa vyuma mara nyingi, hata mwaka 1932 likawa na injini ya lita 8 badala ya ile ya lita 6 na nusu. Mwaka huo huo, katika mashindano ya maili 500 ya Brooklands, lilipita juu ya ukingo wa njia na kumwua dereva wake, Clive Dunfee. Mabaki yake yakaundwa upya, safari hii likawa gari la barabarani.

Daawa ilizuka mwaka 1990, pale mnunuzi aliyekubali bei ya pauni milioni 10 alipokataa kulipa, akidai kwamba gari aliloletewa silo lililoshinda Le Mans. Kwa hesabu ya vyuma alikuwa na hoja, maana vilivyosalia vya mwaka 1929 havikuzidi vipande vichache. Jaji Otton hata hivyo alimpa haki mwuzaji: vyuma vipya viliingia kidogo kidogo wakati gari lingali kazini, maisha yake hayakukatika, wala hapakuwa na Bentley nyingine duniani iliyoweza kulidai jina lile. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Nahodha abadilishaye mbao za jahazi lake baina ya safari na safari haambiwi kwamba amepotewa na chombo.

Serikali ya Uingereza, lakini, haikuweza kuwapelekea makarani wake hekima ya namna hiyo, ikaweka mizani. Kwa miaka mingi gari lililofanyiwa mageuzi makubwa lilipimwa kwa alama: chesisi 5, na springi, ekseli, gia na usukani alama 2 kila kimoja, ilhali injini, ambayo dereva huiona ndiyo moyo wa gari, ilipewa 1 tu. Aliyekosa alama 8, au aliyekosa chesisi ya asili au mpya iliyotoka kwa mtengenezaji mwenyewe, alinyimwa nambari yake ya zamani ya usajili.

Huko California nako fremu ilipendwa kwa nguvu zake, si kwa nasaba: vijana waliichukua bodi ya Ford Model A, iliyoundwa hadi mwaka 1931, wakaiweka juu ya fremu ya Ford ya mwaka 1932, kwa kuwa ilikuwa imara zaidi na injini ya V8 ilikaa humo bila taabu. Fremu hizo leo hutengenezwa mpya kabisa. Lakini kwenye fremu ya asili nambari ilipigwa juu ya boriti, na sehemu yake ikafunikwa na bodi, hata mnunuzi mwangalifu hudai bodi inyanyuliwe kabla hajatoa fedha.

Ana haki ya kudai hivyo. Fremu iliyotupwa nyuma ya karakana wakati haina thamani, huokotwa bei zinapopanda, ikanyooshwa, ikavikwa injini na bodi, kisha ikajitokeza na nambari yake halisi mbele ya gari ambalo halikupata kusimama tangu lilipoivua. Na hapo huwa magari mawili, kila moja na hati zake, na wenyewe hawasemezani.